Unajenga Mwanza? Anza na kiwanja na watu wa nyumbani, ramani ije baadae

Watu wengi hapa Mwanza wanaanza ujenzi kwa kutafuta ramani. Mtu anaona nyumba kali kwenye simu, vyumba vitatu, masta, paa la kuficha, anamrushia fundi, kesho yake fundi yuko saiti na kamba na vigingi. Sasa ile ramani ilichorwa kwa ajili ya kiwanja tambarare kisicho na mwamba, kisichopakana na ziwa, na kwa familia ya baba mama na watoto wawili ambao hawatembelewi na mtu. We kiwanja chako kipo mlimani kule Nyegezi au Buhongwa, na mama anakuja kutoka Sengerema kutibiwa hospitali ya Bugando, anafika mwezi wa kumi na anakaa mpaka mwaka mpya. Kwaiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kuanzia kiwanja, afu sheria, afu watu, na ramani inachorwa mwishoni baada ya hayo yote kujulikana. Ukifuata huo mpangilio utashangaa ramani inavyojichora yenyewe.

HATUA YA 1: Hakikisha kiwanja kinajengeka

Kabla ya chochote nenda na sevea mkatafute bikoni zote, yaani vile vizege vya alama za mipaka, zionekane kwa macho. Usikubali kuonyeshwa "mpaka ni pale kwenye mkatani". Ukuta ukiingia kwa jirani nusu mita kesi yake itaishi kuliko nyumba.

Afu angalia hati au ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja) inasema matumizi ni nini. Kama imeandikwa makazi na we kichwani una fremu mbili za duka mbele, hiyo ni makazi na biashara, inabidi uombe kubadilisha matumizi kabla hujachora. Wengi wanajenga fremu kwanza wakitegemea watazungumza baadae, na baadae ndo wanakuta imeandikwa BOMOA kwa rangi nyekundu ukutani.

Walio karibu na maji sikilizeni vizuri hapa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Hizo mita 60 zinahesabiwa kuanzia ufukwe, na hazijali kwamba umemnunulia mzee fulani shamba la babu yake na mkaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Kuna watu wanaona hii sheria ni ya kuwaonea, mimi naiona ni ya kuwaokoa, mana ziwa letu linapanda na kushuka. Lilipanda sana mwaka 1964, likarudi tena kwa kiwango kile mwaka 2020, na 2024 likapanda tena, na kila mara wanaoumia kwanza ni wale waliojenga kwenye mchanga pembeni kabisa. Maji yakishafika kwenye msingi, choo kinafurika kabla hata sebule haijalowa, na kutoka hapo kipindupindu hakipo mbali. Kwaiyo ukiuziwa kiwanja cha "ufukweni kabisa" kwa bei ya kutupa, ujue kwanini kimetupwa. Walio pembezoni mwa mto Mirongo hali ni hiyo hiyo.

HATUA YA 2: Toa kile ambacho sheria haikuruhusu kujenga

Chukua karatasi ya mistari ya mraba, chora kiwanja kwa kipimo. Sasa nenda ofisi ya mipango miji, Jiji kama upo Nyamagana au Manispaa kama upo Ilemela, uliza mambo mawili kuhusu kiwanja chako: unatakiwa kuacha mita ngapi mbele, nyuma na pembeni, na ni asilimia ngapi ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa na jengo. Majibu yanategemea ujazo wa eneo lenu, yaani viwanja vimepangwa kubanana kiasi gani, usikopi ya rafiki yako wa mtaa mwingine.

Nikupe hesabu ya mfano. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 ni mita za mraba 500. Tuseme umeambiwa uache 3 mbele, 3 nyuma na 2 kila upande. Kilichobaki ni 16 kwa 19, yaani mita za mraba 304. Na kama kufunika ni nusu ya kiwanja tu basi mwisho wako ni 250, na humo humo kuna banda la uani, stoo na jiko la nje kama utaviezeka. Afu bado gari liingie na ligeuze, karo la majitaka lipate mahali pake na gari la kunyonya liweze kulifikia. Hapo ndo unaona kwanini ile ramani ya kwenye simu yenye upana wa mita 18 haiingii, na hakuna fundi wa kuilazimisha iingie bila kula uchochoro wa jirani.

Ile nafasi ya pembeni watu wanaiona hasara, wanatamani wajenge mpaka kwenye fensi. Jamani, hiyo ndo njia ya hewa ya kuingia dirishani, ndo njia ya kukimbilia moto ukitokea jikoni, na ndo njia ya fundi bomba. Nyumba zikibanana kama zilivyobanana kule juu Mabatini na Igogo, mgonjwa anashushwa kwa kubebwa mgongoni.

HATUA YA 3: Mteremko na mawe

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo Mwanza inatofautiana na Dodoma au Dar, na hapa ndo pesa nyingi inazikwa chini bila mtu kujua.

Pima mteremko kwanza. Huhitaji mashine kubwa, mpira wa maji wa fundi unatosha kwa kuanzia. Tuseme kiwanja kinashuka mita 2.5 kwa urefu wa mita 25, maana yake kila mita 10 unashuka mita moja. Nyumba yenye kina cha mita 12 itakuwa na tofauti ya mita 1.2 kati ya nyuma na mbele. Sasa una njia tatu. Ya kwanza, unyanyue msingi mbele mpaka usawa wa nyuma, ambapo utajaza kifusi kingi sana na kifusi kisiposhindiliwa tabaka kwa tabaka na maji, jamvi (zege la sakafu) litazama na vigae vitapasuka. Ya pili, unakata nyuma sentimita 60 na kujaza mbele sentimita 60, hii ni nafuu ila nyuma utabaki na ukuta wa udongo unaohitaji kuzuiwa. Ya tatu, ambayo mimi naipenda zaidi kwa milima yetu, unaigawa nyumba ngazi mbili, vyumba vya kulala juu na sebule na jiko chini, katikati vidato vinne vya sentimita 15. Unafuata mlima badala ya kugombana nao, na sebule inapata dari refu bila kuongeza gharama kubwa.

Ukuta wa kuzuia udongo usiujenge kama fensi. Kinachoangusha kuta hizi ni maji yaliyojaa nyuma yake baada ya mvua za masika, udongo mkavu peke yake hauna nguvu hiyo. Weka kokoto nyuma ya ukuta, acha matundu ya bomba chini yake kila baada ya mita moja na nusu hivi, na juu yake chimba mtaro wa kuyakamata maji ya mlimani uyazungushe pembeni ya nyumba. Ukipita kimo cha mtu mwite mhandisi, mana ukuta ule ukianguka unaangukia chumba cha watoto au nyumba ya jirani wa chini. Na hayo maji ya mtaro usiyaelekeze kwake, yapeleke kwenye mfereji wa mtaa.

Sasa mawe. Jiwe kubwa likionekana juu kuna maswali mawili: ni mwamba wenyewe uliojitokeza, au ni jiwe lililokaa tu juu ya udongo? Chimba pembeni yake uone. Mwamba wenyewe ni msingi mzuri kuliko wote. Jiwe lililokaa ni hatari kulijengea, na ukilichimba chini linaweza kutembea. Ila kosa kubwa kuliko yote ni nusu ya nyumba kukaa kwenye mwamba na nusu nyingine kwenye kifusi. Mwamba hautazama hata milimita, kifusi kitazama, na katikati pale ukuta utafunguka ufa wa kuingiza kidole hata uweke saruji ya namna gani. Dawa yake ni kuchimba upande wa udongo mpaka ushike chini kugumu, kufunga beam (mkanda wa zege na nondo) chini ya kuta zote, au kumwambia mchoraji atenganishe nyumba kwa kiungo, yaani mwanya wa makusudi, pale udongo unapobadilika. Hilo la tatu linabadilisha ramani kabisa, ndo mana nasema lijulikane sasa hivi.

Walio nje ya mawe, upande wa Kisesa kuelekea Magu, shida yao ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Huo uondoe chini ya msingi na chini ya jamvi, ujaze moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Msingi wa mawe tupu bila beam juu ya mbuga ni kununua nyufa.

HATUA YA 4: Kaeni kikao cha familia, hesabuni watu

Hapa wanaume wenzangu tuache ubabe, mama wa nyumba awepo, na kama bibi anaishi hapo awepo pia. Andikeni nani analala hapa leo, nani atakuwepo miaka kumi ijayo, na nani anakuja na kuondoka. Kwetu Usukumani nyumba ya mjini ni ya ukoo wote. Shangazi atakuja kliniki, mtoto wa kaka atakuja kusoma, na msiba ukitokea watu watalala mpaka barazani. Kwaiyo chumba cha mgeni kwetu sio anasa, na uwanja wa kuweka turubai na viti hata hamsini ni hitaji la kweli, kama kiwanja kinaruhusu usiujaze wote.

Bibi au mzee mwenye magoti: chumba chake kiwe usawa mmoja na geti, karibu na choo, mlango wa sentimita 90. Hapa mteremko unarudi tena. Njia ya kusukumia kiti cha magurudumu inatakiwa kupanda si zaidi ya 1 kwa 12, kwaiyo kwa kimo cha sentimita 60 tu unahitaji mita 7.2 za njia. Nani ana hiyo nafasi? Wachache. Ndo mana ni rahisi zaidi kumweka bibi kwenye ile ngazi iliyo sawa na barabara kuliko kumjengea njia baadae.

Watoto wa kike na wa kiume wakishakua wanatenganishwa vyumba, lipange leo. Masta ni nzuri lakini choo cha wote kisisahaulike, na tafadhali mlango wake usitazamane na meza ya chakula wala sebule ya wageni. Mkwe akija akakuta anapita mbele ya watu wote kwenda chooni hatakunywa hata maji.

Jiko nalisema kwa msisitizo. Kwenye ramani za mtandaoni jiko limefunguka moja kwa moja kwenye sebule, linapendeza kwenye picha. Hapa tunakaanga sato, tunachemsha makande masaa mawili, na hata mwenye gesi bado ana jiko la mkaa pembeni. Tenga jiko na sebule kwa ukuta na mlango, lipe dirisha kubwa na mlango wa kutokea uani, na uani weka kibaraza kilichoezekwa cha mkaa, beseni la kuoshea samaki na bomba. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, hilo sio la kujadili.

Kama mnategemea wapangaji, mfano upo Malimbe karibu na chuo kikuu cha SAUT ambako wanafunzi wanatafuta vyumba, lisemeni kwenye kikao hicho hicho. Wapangaji wanataka mlango wao, choo chao na mita yao ya umeme, na vyumba vya uani vinahesabika kwenye ile asilimia ya kufunika kiwanja.

HATUA YA 5: Maji yanayoingia na yanayotoka

Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, yanatoka ziwani, mitambo iko Capri Point na Butimba, na kuyapandisha mlimani ni kazi, kwaiyo ukiwa juu panga tangi tangu kwenye ramani. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano, haliwekwi juu ya dari kwa mbao za kenchi. Liwe na mnara wake au likae sehemu ya juu ya kiwanja, mteremko ukupe presha bure.

Paa nalo ni chanzo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 kwenye mvua ya milimita 30 linatoa lita 3,600, hata ukipoteza kidogo umepata 3,000 kwa mvua moja. Weka mifereji ya bati na yamwage maji ya mwanzo yenye vumbi.

Majitaka: uliza kwanza kama mtaa wenu una bomba la majitaka, mana baadhi ya maeneo ya milimani yameshawekewa mfumo wa mabomba madogo kwa ajili ya huko ambako mashimo hayachimbiki. Kama hakuna, fanya jaribio. Chimba shimo pale unapotaka shimo la kunyonya (linalopeleka maji ya karo ardhini), jaza maji, angalia yanachukua muda gani kuisha. Kwenye mwamba hayataenda popote, na shimo la namna hiyo litafurika kila mwezi. Karo liwe chini ya nyumba kimteremko, mbali na msingi, mbali na kisima chochote angalau mita 30 na kisiwe upande wa chini yake, na gari la kunyonya liweze kufika. Mahali pa karo ndo panaamua vyoo vikae upande gani wa nyumba, na vyoo ndo vinaamua vyumba. Umeona ramani inavyojichora?

HATUA YA 6: Jua, upepo, wadudu

Ukiwa Butimba, Nyegezi au Luchelele ziwa liko magharibi. Kila mtu anataka sebule itazame ziwa, sawa, lakini magharibi ndo jua la saa kumi linakoingia mpaka kwenye kochi. Suluhisho ni baraza pana, mita mbili au zaidi, upande huo wa ziwa. Mandhari unapata, joto linabaki nje, na wageni wote watakaa hapo hapo. Vyumba vya kulala vielekeze madirisha kaskazini na kusini.

Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kwaiyo kila chumba kiwe na madirisha kuta mbili tofauti ikiwezekana, na ukubwa usipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinataka dirisha la mita za mraba 1.2 kwenda juu. Alumini ya kuteleza inafunguka nusu tu, zingatia hilo. Wavu ni lazima, kwa mbu na kwa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi.

Paa la kuficha silipendi kwa Mwanza. Mvua zetu ni nzito na zinakuja na upepo, ule mfereji uliofichwa ukiziba na majani maji yanaingia ndani ya dari. Paa la kawaida lenye mwinuko na bati kutoka nje ya ukuta sentimita 60 mpaka 90 linakinga ukuta na madirisha. Bati namba ndogo ndo nene, geji 28 ni nzito kuliko 30. Na radi za ukanda huu tunazijua, athi ya umeme isiwe ya kuchomeka nondo fupi kwenye mchanga, fundi mwenye leseni aipime.

HATUA YA 7: Sasa ndo mchoraji, na kibali

Nenda kwa mbunifu aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi) ukiwa na karatasi yako ya mipaka, vipimo vya mteremko, mahali pa mawe na karo, na orodha ya watu. Atakuchorea kitu tofauti kabisa na cha simu. Kwa ghorofa, au nyumba ya mlimani yenye kuta za kuzuia udongo, uwe na michoro ya mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi), hapo usibane.

Kibali kinaombwa halmashauri ukiwa na uthibitisho wa umiliki, risiti za kodi ya pango la ardhi na michoro. Itapitiwa na watu wa mipango miji, ardhi, afya, uhandisi na wengine. Wakirudisha michoro na maoni usikasirike, ukibadilisha choo kwenye karatasi hujavunja tofali hata moja. Ombea kibali nyumba nzima hata kama utajenga kwa awamu.

HATUA YA 8: Kujenga kwa awamu bila kuharibu

Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo na hakuna aibu. Panga awamu ya kwanza iwe nyumba kamili ya kuishi, vyumba viwili, choo na jiko, chini ya paa ambalo litarefushwa bila kung'olewa. Nondo za kusubiria zipake na uzifunike, zisikae na kutu miaka mitano.

Pesa ikibana punguza vigae, punguza jipsam, geti lisubiri. Usipunguze linta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha. Tarehe 10 Septemba 2016 mchana tetemeko la 5.9 liliipiga Kagera, watu wakafa Bukoba na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, nyingi za tofali zisizofungwa na kitu. Sisi ni majirani wa ziwa hilo hilo. Linta izunguke kuta zote bila kukatika, nondo zipishane vizuri kwenye kona, na kenchi zifungwe kwenye linta kwa nondo au waya mzito uliozamishwa kwenye zege, sio misumari tu, mana upepo wa ziwani unabeba paa zima.

Mwite mkaguzi wa halmashauri kwenye msingi kabla ya kumwaga zege, kwenye linta, na kwenye paa. Zege likishafunika nondo hakuna anayeweza kujua zilikuwa ngapi.

Na kabla lipu haijapigwa, tembea na simu upige picha kila ukuta wenye mabomba na waya ukiwa umeweka futi kamba ionekane kwenye picha, chora na njia ya bomba la majitaka kutoka chooni mpaka chemba ya mwisho, afu mtumie na mwenzako wa nyumbani azihifadhi, mana siku bomba likipasuka ndani ya ukuta huenda we uko safari Ukerewe na fundi yuko mlangoni na nyundo.